Herufi Nyembamba za Troyeville

Mimi ni mtu wa hasira za karibu na sijawahi kulificha hilo. Kompyuta ikiniudhi naisema kwa sauti, kwa Kiswahili, vile mama yangu kule Nakuru alivyokuwa akimsema jirani aliyemwaga maji machafu mlangoni petu. Ofisini Johannesburg wenzangu walishanizoea. Wakisikia "ala!" kutoka kwenye meza yangu walijua chai inahitajika, na mmoja angenyanyuka kuniletea.

Mwaka 2017 nilipata herufi za kugombana nazo. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kurasa za wavuti, na mteja wetu mmoja aliuza magari yaliyotumika kutoka Japani. Kila asubuhi habari za magari hayo zilikuja zenyewe kutoka huko, nami nilitakiwa kuzipanga zipendeze kwenye tovuti. Zilikuja uchafu mtupu. Alama za kuuliza, vijisanduku vitupu, herufi za Kizungu zenye vidoti juu ambazo sijui Mzungu gani anazitumia. Mwanzoni nilidhani ni Kijapani cha kawaida kimeharibika njiani. Kumbe ilikuwa katakana, moja ya aina za maandishi yao, tena ile ya nusu upana, na hiyo ina vituko vyake peke yake.

Nieleze kidogo, maana bila hili hakuna hadithi. Kompyuta za zamani ziligawa kioo katika vyumba vidogo vidogo, kila herufi chumba chake, na vyumba hivyo vilipimwa kwa A, B, C za Kizungu, ambazo ni nyembamba. Herufi za Kijapani zimejaa, zinataka nafasi mara mbili. Basi Wajapani wakaibana katakana yao, wakaifanya nyembamba ipate kuingia. Herufi ya sauti "a", ambayo kwa kawaida ni ア, ikawa ｱ. Baadaye kompyuta zikakua, nafasi ikapatikana, lakini zile nyembamba hazikuhama. Zimebaki kwenye mashine za zamani, kwenye risiti, na kwenye mifumo ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Ukizipokea bila kuiambia kompyuta yako zimefungwa kwa utaratibu gani, zinakulipukia usoni.

Nilizishinda, msinione hivi. Niliiambia seva yetu kwamba yanayoingia yamefungwa kwa utaratibu wa zamani wa Kijapani, na yanayotoka yafungwe kwa ule wa kisasa unaobeba herufi za dunia nzima. Ukurasa ukafunguka safi, kila gari na jina lake. Nikapiga meza kwa kiganja, nikasema, "Kwendeni huko, sitaki kuwaona tena!" Nilimaanisha.

Sasa nije kwa mama fundi.

Nilikuwa nimepanga mtaa wa Observatory, kule juu mlimani, na Jumapili nilishuka hadi kwenye ukumbi ambako sisi wa Kiswahili tulisali. Wengi walikuwa Wakongo, wakafuata Warundi, Watanzania wawili watatu, na sisi Wakenya wa maofisini ambao Wakongo walitucheka kwa namna tunavyoimba tumekauka kama nguzo. Mama fundi alikuwa wa Bukavu. Alishona katika gereji iliyo nyuma ya nyumba moja ya zamani huko Troyeville, yenye mabati juu na geti la chuma mbele. Watu walimfuata kutoka Yeoville hadi Jeppe kwa sababu nguo yake ilikukaa mwilini, haikukusuta. Mimi aliniita "Mukenya", na nilipojaribu kumwambia jina langu alisema, "Nalijua. Lakini Mukenya iko mzuri zaidi."

Siku moja ananipima, pini mdomoni, aliniambia alivyoolewa. Aliolewa kambini, wakimbizi wote, na robe aliazimwa. Wakongo gauni la harusi huliita hivyo, robe. Ilikuwa moja tu, ikizunguka kutoka kwa bibi harusi huyu hadi kwa yule. Alikuwa ameketi na sahani yake, hajamaliza kula, akamwona dada ya mwenye robe amesimama mlangoni anamtazama. Kesho yake kulikuwa na harusi nyingine. Akainuka, akaenda nyuma ya turubai akaivua, akarudi kuwaaga wageni wake akiwa na kitenge cha kila siku. Sahani yake akakuta imeshaondolewa.

Alisimulia bila kulia, huku anazungusha tepu kiunoni mwangu. Mwishoni akatoa pini mdomoni akasema, "Binti yangu hatavua robe juu ya mtu iko nangoja ku mlango. Hapana. Mimi mwenyewe nitamuvalisha, na robe itakuwa yake."

Na binti akachumbiwa. Mwana alizaliwa hapa hapa, Kiswahili alikisikia vizuri lakini alikijibu kwa Kiingereza, na mchumba wake alikuwa kijana wa Kizulu kutoka Katlehong. Mama fundi akasimama mbele ya kina mama wote baada ya ibada akatangaza: robe, shela, na vitambaa vya sare vya kina mama wote watakaomsindikiza bibi harusi, vyote vitatarizwa kwa mkono wake. Kina mama wakapiga vigelegele. Kwa Wakongo neno lililotangazwa namna hiyo halirudi mfukoni. Mimi pia nikaingizwa kwenye sare, ingawa sina mume wala mtoto, kwa hoja kwamba mama yangu yuko mbali na mtu hawezi kuhudhuria harusi kama kitu kilichookotwa.

Akanunua mashine ya kutarizi. Ilikuwa imetumika, imetoka Japani ndani ya kontena, ina kompyuta yake na kijioo kidogo cha kijani kibichi kilichofifia. Kitabu cha maelezo hakikuja nayo. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri ajabu. Vitambaa vya sare vikaisha, vyote na maua yake ya dhahabu pembeni. Akatandika kitambaa cheupe cha robe, akaanza pindo, mashine ikapiga kelele mara moja, ikasimama, na kijioo kikaandika mambo yake.

Alizima, akawasha. Ikashona kidogo, ikasimama tena, maandishi yale yale. Akaja fundi wa mashine kutoka Jeppe, akaitazama kwa mbali, akasema "eish, Mama", akashauri anunue nyingine. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ile. Binti, kwa upole, akamwambia mama yake kwamba Fordsburg kuna maduka ya kukodisha magauni mazuri sana, ameshakwenda kuangalia na rafiki yake, wamemwekea moja, kinachotakiwa ni kulithibitisha Alhamisi jioni na kulirudisha Jumapili.

Neno "kulirudisha" ndilo lililommaliza mama fundi. Hakubishana. Aliinuka tu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Kina mama wa maombi wakasikia. Jumatano wakaja gerejini kikundi kizima, wakaimba, wakaomba, wakakemea kila roho iliyopanda kontena kutoka ng'ambo. Mmoja wao, mwenye sauti ya kupasua bati, akafungua chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa akaipaka mashine kichwani, akashuka shingoni, akamalizia mbavuni. Ikawashwa. Ikapiga kelele, ikasimama. Mama fundi akachukua kipande cha kitenge akakifunika kile kijioo, kwa sababu, alisema, hawezi kuangaliwa na kitu kinachosema bila kujibu.

Alhamisi mchana nikapita kuchukua sare yangu. Laptopu ilikuwa begani kama kawaida. Nikamkuta ameketi kwenye stuli kati ya mashine mbili: cherehani yake nyeusi ya zamani, ya kukanyaga kwa mguu, na ile ya Kijapani iliyofunikwa uso. Robe ilikuwa bado imebanwa kwenye fremu, pindo lina jani moja na nusu.

"Mama, vipi?" nikauliza.

"Iko nasema," akanijibu, akiionyesha kwa kidevu. "Tangu juzi iko nasema. Lakini siko nasikia bintu iko nasema. Kifaransa hapana, Kizungu hapana. Saa ya jioni binti atapiga simu Fordsburg, na itakuwa imekwisha."

"Hebu nione."

"Utaona nini? Ni mapepo tu."

Nikanyanyua kitenge. Haki ya nani, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kwenye kijioo kile, kila moja chumbani mwake, nyembamba, zimejipanga foleni: ｱﾌﾞﾗｷﾞﾚ.

"Ala!" nikapiga kelele. "Nyinyi tena?"

Mama fundi aliruka kutoka kwenye stuli. "Unabajua?"

"Nawajua! Hawa ni maadui zangu!"

Kuwajua si kuwasoma, na hilo nilimwambia mapema asije akanitegemea bure. Mimi nilijua namna ya kuzisafirisha herufi zile bila kuvunjika, lakini sikujua hata moja inasema nini. Nilizipiga picha, simu yangu ikashindwa kabisa kuzitambua kwa sababu kijioo kiliziandika kwa vidoti. Kibodi ya Kijapani sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo ningebonyeza nini? Mjapani wa kumwuliza Troyeville hakuna. Nikapiga simu kazini nikasema tumbo linanisumbua.

Nikaifungua laptopu juu ya meza ya kukatia nguo. Nikamwambia, "Mama, natengeneza ukurasa. Nitaziweka herufi zao zote, kubwa kubwa, kama vitufe. Wewe utatazama kwenye mashine, utatafuta inayofanana, utagusa. Sawa?"

"Kama kuchagua kifungo cha kufanana na vingine."

"Hivyo hivyo."

Kila herufi duniani ina namba yake ndani ya kompyuta, na hizi nyembamba zimepangwa kwa kufuatana, nyumba kwa nyumba, mtaa mmoja. Ile ｱ inaandikwa kwenye msimbo wa ukurasa hivi: ｱ na inayoifuata ni ｲ na kuendelea. Sikuwa na haja ya kuzichora wala kuzinakili. Niliandika mistari michache ya kuiambia kompyuta ianze kwenye namba ya kwanza ya mtaa ule hadi ya mwisho, kila moja iifanye kitufe. Nilichagua namba kwa makusudi. Namba ni tarakimu tupu, haiharibiki njiani, na mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka huyo. Nikaufungua ukurasa na herufi zote zikatokea, zimejaa kioo kizima, hakuna kijisanduku kitupu hata kimoja.

"Mungu wangu," mama fundi akasema. "Ni jamaa kubwa."

Akavaa miwani. Akatazama mashine, akatazama laptopu, akagusa. ｱ. Halafu ﾌ. Halafu ﾗ, ｷ, ﾚ. Akaegemea nyuma.

"Mama, umeruka. Hivi viwili vidogo je?"

"Hivyo ni uchafu. Nimepangusa na mate, nimepangusa na spiriti, haitoki."

Nikainamia kijioo. Vistari viwili vidogo, juu kushoto, katika chumba chao peke yao, baada ya ﾌ. Na tena baada ya ｷ. Hapo nilicheka mpaka nikashika meza. Hivyo vistari nilivijua, vilinitesa ofisini. Ni alama inayobadilisha sauti ya herufi iliyotangulia, ikaifanya nzito. Katika herufi pana hukaa begani kwa mwenzake, ni kitu kimoja. Katika hizi nyembamba begani hapana nafasi, basi alama imepewa chumba chake, kama mtoto aliyekosa nafasi kitandani akatandikiwa chini. Nikamweleza hivyo.

Akavitazama kwa heshima mpya. "Kumbe nayo imepanga chumba," akasema, "nami kila siku naifukuza na tambara."

Akagusa tena, safari hii na vistari vyake mahali pake. Nikalichukua neno zima nikalitia kwenye kamusi ya mtandaoni. Kamusi ikajibu kwamba hakuna neno kama hilo.

Nikajaribu tena. Hakuna. Nikajaribu kamusi nyingine. Hakuna. Nje, ndege wale wa hadeda walikuwa wanapiga kelele zao juu ya bati, na nilihisi kama wananizomea mimi. Niliisema ile kamusi maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana mama fundi ni mtu wa kanisa na hata siku ile aliziba masikio.

"Basi acha, mwanangu," akasema taratibu. "Umejaribu. Nitampigia binti mwenyewe, nimwambie akubali ile ya Fordsburg."

Na akaunyosha mkono kuichukua simu. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, ile hasira ya kufaa, inayosafisha kichwa.

"Weka simu chini, Mama!"

Akaiweka. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumpigia kelele namna ile gerejini mwake.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Kwetu sisi ｱ na ア ni herufi moja, moja imekonda na nyingine imeshiba. Kwa kompyuta ni namba mbili tofauti, watu wawili wasiojuana. Kamusi ilikuwa inawajua walioshiba tu! Na dawa yake ipo, ndani ya kivinjari chochote cha kisasa, amri moja fupi ya kuzirudisha herufi kwenye umbo lake la kawaida. Nikaandika:

'ｱﾌﾞﾗｷﾞﾚ'.normalize('NFKC')

Nikabonyeza. Zikatoka zimenenepa: アブラギレ. Na vile vistari vilivyokuwa vimelala chini, kila kimoja kimerudi begani kwa mwenzake. Niliona raha siwezi kusema. Nikalichukua neno lile lililoshiba nikaipelekea kamusi, na kamusi, bila aibu yoyote, ikalijibu mara moja.

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikageuka nikamtazama mama fundi.

"Nini?" akauliza. "Imekufa?"

"Mama, inasema imeishiwa mafuta."

"Mafuta?"

"Mafuta. Yale ya cherehani. Imekauka. Haiwezi kuendelea mpaka itiwe mafuta."

Akaigeukia mashine polepole. Kichwa chake kilikuwa bado kinang'aa mafuta ya zeituni ya Jumatano, yametiririka shingoni, mengine yamekauka kwenye mbavu na vumbi limeshika. Tulitazamana. Niliona mdomo wake unaanza kucheza pembeni.

"Tulimupaka mafuta ku kichwa," akasema, "kumbe njaa iko mu tumbo!"

Alicheka mpaka akaketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Mimi nililala juu ya meza ya kukatia. Kila tulipotaka kunyamaza mmoja wetu alitazama kile kichwa kinachong'aa, tukaanza upya. Chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa pale pale, hatua moja tu, chini ya ile mashine nyeusi ya kukanyaga. Kila Jumatatu aliitia matone yake bila kukosa. Lakini hii aliambiwa ni kompyuta, na yeye, kwa akili zake timamu, alijiuliza nani anayetia kompyuta mafuta.

Nikaanza kujisifu, siwezi kudanganya. Nikasema waone sasa, maombi ya kutwa nzima hayakufanya kitu, Mukenya na laptopu yake kwa mchana mmoja. Mama fundi akanyanyuka, akajifuta machozi, akanitazama juu ya miwani.

"Jumatano tuliomba," akasema. "Alhamisi umekuja. Unafikiri weye ni jibu la nani?"

Nikamshikia tochi.

Akakitoa kibati cha chini ya sindano. Ndani nyuzi na vumbi vilikuwa vimeshikana vikawa zulia. Akavitoa kwa brashi na kibano, bila haraka, akafuta, akatia tone, akazungusha gurudumu kwa mkono, akatia tone lingine. Akarudisha kibati. Akabonyeza kitufe cha kuanza.

Mashine ikapiga kelele. Maandishi yakabaki pale pale.

Mimi nilishafungua mdomo, lakini mama fundi akanyanyua kidole kuninyamazisha. Akaizima, akahesabu kimoyomoyo kama anavyosubiri pasi ipate moto, akaiwasha. Kijioo kikapepesa. Kikawa kitupu. Akabonyeza, na sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka, na lile jani lililokatika nusu likaanza kujaza upande wake wa pili.

Wacha wee! Kigelegele alichopiga mama fundi kilimtoa mwenye nyumba nje na mswaki mdomoni. Mimi nilicheza, mimi ninayeimba nimekauka kama nguzo, nilicheza peke yangu katikati ya gereji bila muziki, na sijali nani aliniona.

Mashine ilikuwa bado inakwenda binti aliporudi kutoka kazini. Aliisikia tangu getini. Akaingia, simu mkononi, namba ya duka tayari kiooni, akasimama akitazama majani yanavyotambaa kwenye pindo. Akamwuliza mama yake kwa Kiingereza kama kweli inafanya kazi.

Mama fundi hakugeuza hata shingo. "Piga simu Fordsburg," akasema. "Waambie ile robe bamukodishie mwingine."

Binti alikuja nyuma yake akamkumbatia mabegani, naye akamfukuza kwa kiwiko, akisema anamharibia mshono. Lakini alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Muda mfupi baadaye mashine ikasimama tena na sote tukaganda. Kijioo kiliandika ｲﾄｷﾞﾚ. Kabla sijafika kwenye laptopu mama fundi akainama, akafuata zile za mwisho kwa ukucha, na vistari vyake viwili, na akasema, "Huu mkia naujua. Kitu kimekwisha tena." Akatazama sindano. Uzi ulikuwa umekatika. Akautunga, akaendelea.

Ule ukurasa sikuufuta. Niliusafisha Jumapili iliyofuata, kila ujumbe tulioupata nikauwekea maana yake kwa Kiswahili: uzi umekatika, sindano haikukaa vizuri, mafuta yameisha, na hapo kwenye mafuta nikaongeza kwa herufi nzito, "ndani, si juu." Nikauweka kwenye wavuti. Mafundi wa Troyeville wakaanza kuutumia, kisha wa Bertrams, kisha mtu akaniandikia kutoka Lubumbashi kunishukuru. Nilijivuna mwezi mzima. Kazini nilimwonyesha kila mtu, hata aliyepita kwenda msalani.

Jumamosi yenyewe ya harusi tuliingia ukumbini wote kwa sare, maua ya dhahabu pembeni, tukiimba. Watu wa Katlehong wakatujibu kwa nyimbo zao, wakatushinda kwa sauti, tukawashinda kwa viuno. Binti alitoka katikati yetu ndani ya robe ile, majani yamepanda kutoka pindo hadi kiunoni, shela inamwagika nyuma. Mama yake alikuwa amemfunga kila kifungo kwa mkono wake asubuhi, amekataa msaada wa mtu. Nililia waziwazi. Yule mama mwenye sauti ya kupasua bati alinipa leso yake, ikanuka mafuta ya zeituni.

Jua lilipoanza kuteremka, wageni wa mbali wanaaga, nilikuwa nimeketi na mama fundi mezani. Hakuwa amekula tangu asubuhi, na ndiyo kwanza amewekewa sahani yake, wali na nyama ya mbuzi. Binti akaja, viatu mkononi, amechoka na anang'aa. Akainama kwa mama yake. Na yeye ambaye tangu nimjue alijibu kila kitu kwa Kiingereza, akauliza kwa Kiswahili cha kwao, taratibu, akitafuta maneno, "Mama, sasa hii robe, niivue saa ngapi?"

Mama fundi alinyanyua macho akatazama mlangoni. Nami nikatazama. Hapakuwa na mtu pale, ila watoto wawili wakigombania puto.

"Lala nayo ukitaka," akamwambia. "Hakuna mtu iko nakuja kuichukua."

Akavuta sahani karibu, akala mpaka akaimaliza.